Maandishi kama punje za ulezi: kutatua matatizo ya ukuzaji kwenye skrini zenye pikseli nyingi

"Mwanangu, mashine ni nzuri lakini inanimaliza macho." Mama mhasibu aliyeniambia hivyo alikuwa amenunua laptopu ya mtumba yenye kioo cha inchi 13.3 na pikseli (vile vidoti vidogo vinavyounda picha) 3200 kwa 1800. Maandishi yalikuwa madogo kama punje za ulezi, kwa hiyo kijana wa dukani akamsaidia kwa kushusha rizolusheni, yaani idadi ya pikseli ambazo kompyuta inachora, mpaka 1366 kwa 768. Maandishi yakakua kweli, ila yakawa kama yanasomwa kupitia mfuko wa nailoni. Wiki mbili baadaye kichwa kikaanza kumuuma.

Kati ya dawa mbovu zote ninazokutana nazo, hiyo ndiyo inayoongoza, kwa hiyo tuanze nayo. Kioo bapa kina idadi ya pikseli kilichotoka nayo kiwandani na haibadiliki. Ukishusha rizolusheni, kompyuta inachora picha ndogo kisha picha hiyo inavutwa ijaze kioo. Pikseli za picha haziangukii sawasawa juu ya pikseli za kioo, kingo za herufi zinapakwa rangi ya katikati, na huo ndio ukungu. Ukuzaji ni jambo jingine kabisa: rizolusheni inabaki pale pale, ila programu inaambiwa ichore kila herufi kwa pikseli nyingi zaidi. Herufi inakua na ukali wake unabaki.

Windows huhesabu ukuzaji wa asilimia 100 kuwa doti (pikseli) 96 kwa inchi. Monita ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1080 ina doti kama 92, ndiyo maana inakaa vizuri bila kukuzwa. Kioo cha yule mama kina doti 276 hivi, kwa hiyo kwenye asilimia 100 herufi inapata theluthi moja tu ya kimo chake. Laptopu ya inchi 14 yenye 1920 kwa 1080 iko kwenye 157, na monita ya inchi 27 ya 4K (3840 kwa 2160) iko kwenye 163. Zote mbili mimi huziweka asilimia 150 na sihangaiki tena. Ile ya inchi 13.3 niliiweka 250.

Kipimo cha kwanza: piga picha ya skrini

Kabla hujagusa mpangilio wowote, piga picha ya skrini (kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows, Shift na S kwa pamoja), itume kwenye simu kama faili, kisha uikuze hapo. Tuma kama faili kweli, maana ukiituma kama picha ya kawaida programu za ujumbe zitaibana na kuongeza ukungu wao.

Kama ukungu au mistari unaona pia kwenye simu, kosa limo ndani ya programu au kwenye ukuzaji. Kama picha kwenye simu ni safi lakini kioo cha kompyuta kina ukungu, tatizo liko baada ya picha kuchorwa: rizolusheni isiyo ya kioo, kebo, mipangilio ya monita, au kioo chenyewe. Kipimo hiki kimeniokoa mara nyingi nisifungue mashine ambayo haikuwa na haja ya kufunguliwa.

Dalili: kila kitu ni kidogo mno

Anza na swali ambalo watu hulidharau: ni kila kitu, au ni kurasa za intaneti tu? Robo ya waliowahi kunililia kuhusu "kompyuta yote" walikuwa wamezungusha gurudumu la mausi huku kidole kikiwa juu ya Ctrl. Fungua kivinjari, bonyeza Ctrl na sifuri, ukurasa unarudi kawaida. Kesi imefungwa.

Kama ni kweli kila kitu, mara nyingi ukuzaji umerudi asilimia 100 baada ya Windows kusakinishwa upya au baada ya kuchomeka monita mpya. Bonyeza kitufe cha Windows na herufi I, ingia "System", kisha "Display". Kwanza hakikisha "Display resolution" iko kwenye ile iliyoandikwa "Recommended", halafu ndipo ubadilishe "Scale". Pembeni ya asilimia mojawapo nako kuna neno hilo hilo; anzia hapo, fanya kazi siku nzima, kisha panda au shuka hatua moja. Macho hayaamui kwa dakika mbili.

Ukiona madirisha na aikoni ziko sawa lakini maandishi tu ndiyo yanayokusumbua, usipandishe ukuzaji. Nenda "Accessibility", halafu "Text size", ukuze maandishi peke yake. Kipimo hicho kinafika asilimia 225. Wazee wengi hii ndiyo inayowafaa, maana hawapotezi nafasi ya kazi.

Dalili: kila kitu ni kikubwa, na kitufe cha kukubali kimezama chini ya skrini

Hapa hesabu inasaidia. Laptopu ya 1920 kwa 1080 ikikuzwa asilimia 150, nafasi inayobaki kwa programu ni sawa na 1280 kwa 720. Ile ya 1366 kwa 768 ikikuzwa asilimia 125 inabakiwa na kama 1093 kwa 614. Programu nyingi za zamani zilichorwa kwa kudhani kuna angalau 768 kwenda chini, kwa hiyo sehemu ya chini ya dirisha, ambako vitufe hukaa, inazama.

Kama unataka tu kumaliza kazi iliyopo, bonyeza Enter. Mara nyingi ndiyo sawa na kitufe kisichoonekana. Isipokubali, bonyeza Alt na nafasi, halafu M, kisha usogeze dirisha kwa mishale ya kibodi mpaka vitufe vijitokeze. Kwenye Linux, ambako sura ya madirisha hutoka kwenye mazingira kama GNOME, XFCE au KDE Plasma, shikilia kitufe cha Windows ukiwa GNOME, au Alt ukiwa XFCE, kisha uburute dirisha kutoka mahali popote. Ukimaliza, shusha ukuzaji hatua moja.

Lakini kabla ya hayo yote, sogeza mausi hadi pembeni mwa skrini. Kama picha nzima inakimbia nayo, hilo si suala la ukuzaji, ni kikuzio kimewashwa. Watoto wakichezea kibodi huwasha hiki bila kujua, kwa kitufe cha Windows na alama ya kujumlisha. Kizime kwa kitufe cha Windows na Esc. Kwenye GNOME ni kitufe cha Windows, Alt na 8.

Sababu inayofuata ni ukuzaji uliowekwa kwa mkono. Windows inaruhusu kuandika asilimia yoyote kati ya 100 na 500, na ukishaandika, namba hiyo inatawala skrini zote na orodha ya kawaida inafungwa. Niliwahi kuandika 350 kwenye mashine ya mteja badala ya 150, kidole kikiteleza, nikatumia dakika ishirini kutafuta njia ya kurudi huku akinitazama. Njia ipo kwenye ukurasa ule ule wa "Display": juu yake kuna maneno ya kuzima ukuzaji huo na kutoka. Kama mausi haifiki, tembea kwa Tab na Enter. Tofauti na rizolusheni, ambayo hurudi yenyewe baada ya sekunde chache usipothibitisha, ukuzaji haukuulizi mara ya pili.

Kama orodha ya rizolusheni ni fupi, au imefifia isibonyezeke, draiva ya michoro, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia kadi ya michoro, ndiyo haipo. Fungua "Device Manager", tazama chini ya "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter" badala ya jina la Intel, AMD au NVIDIA, umepata mkosaji. Dalili yake nyingine ni kwamba huwezi kupunguza mwanga wa skrini. Acha Windows ijisasishe yenyewe kwanza, au chukua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu yako, kwa jina kamili la toleo lake. Programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote bure, kaa nazo mbali.

Na mwisho kabisa, kwa mashine ya mtumba: draiva ipo, lakini rizolusheni ya juu kabisa ni 1366 kwa 768 ilhali uliambiwa kioo ni 4K. Basi kioo kilishabadilishwa kabla hujanunua. Hakuna mpangilio utakaozalisha pikseli ambazo hazipo. Rudi kwa muuzaji.

Dalili: ukungu kila mahali

Angalia rizolusheni kwanza. Pili, angalia rizolusheni. Sitanii: hata aliyeapa kwamba hajaigusa, kuna mchezo wa kompyuta ulioigusa kwa niaba yake na kusahau kuirudisha.

Ikiwa iko sawa, toka kwenye akaunti yako na uingie tena, au washa mashine upya. Sehemu za Windows hukariri ukuzaji wakati wa kuingia tu, na ukiubadilisha katikati ya kazi zinabaki na ule wa zamani zikinyooshwa. Haya huwapata sana wanaochomoa laptopu kwenye monita jioni na kuifungua nyumbani.

Monita ya nje ikiwa ndiyo yenye ukungu, fuata kebo kwa mkono wako. Maofisini bado kuna kebo nyingi za VGA, zile za zamani, pamoja na vigeuzi vya kutoka HDMI kwenda VGA, na mawimbi ya VGA hayabebi pikseli moja moja bali monita inayakisia. Bonyeza kitufe cha kujirekebisha chenyewe kwenye monita. Kikisaidia kidogo tu, badilisha kebo. Na kama monita ni ya 4K na mausi inaburuzika kama iko kwenye matope, huenda njia nzima ni ya HDMI 1.4, ambayo kwa 4K haivuki picha 30 kwa sekunde. Unahitaji HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2 kwenye pande zote mbili, na kebo inayomudu kasi hiyo.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye ClearType, kifaa cha Windows cha kunoa herufi. Andika jina hilo kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, fuata kurasa zake tano, chagua maandishi unayoyaona makali. Watu hukimbilia hapa mwanzo kwa sababu kurasa zenyewe zinavutia, lakini ClearType hainyooshi picha iliyovutwa.

Dalili: programu moja tu, yenye ukungu au ndogo kupita kiasi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nilipokaa muda mrefu na yule mama. Nilirudisha rizolusheni 3200 kwa 1800, nikaweka ukuzaji 250, kila kitu kikang'aa. Akafungua programu yake ya hesabu, ile aliyoitumia miaka kumi, na vitufe vyake vikawa vidogo kama sisimizi.

Programu za zamani ziliandikwa kwa imani kwamba kila skrini duniani ina doti 96. Windows ikigundua kwamba programu haijui lolote kuhusu ukuzaji, inaiacha ichore kwa imani hiyo hiyo, kisha inainyoosha kama picha. Unapata ukubwa sahihi wenye ukungu. Lakini kuna programu zinazojitangaza kwamba zinajua, na hazijui. Windows inaziamini, inaondoa mkono, na unapata dirisha kali lakini dogo. Kwa hiyo ukungu na udogo ni ugonjwa mmoja unaojitokeza kwa sura mbili, na dawa inatoka kwenye ukurasa mmoja.

Funga programu. Bofya aikoni yake kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", kisha "Compatibility", kisha "Change high DPI settings" (DPI ni doti kwa inchi). Chini kabisa weka alama kwenye kisanduku cha kubatilisha ukuzaji, na uchague kimoja kati ya vitatu. "Application" maana yake ni iachie programu yenyewe: jaribu hii kama tatizo ni ukungu. "System" maana yake Windows inyooshe kwa nguvu: hii ni ya programu iliyo ndogo, na malipo yake ni ukungu. "System (Enhanced)" nayo inanyoosha, ila inachora maandishi upya kwa ukali pale inapoweza. Ilikuja na sasisho la Windows 10 la mwaka 2017. Mimi huanza na hii ya tatu. Ikifaulu, inafaulu vizuri. Ikishindwa, inashindwa waziwazi, vipande vya dirisha vinakaa si mahali pake, basi unarudi kwenye "System".

Ukifanya haya na hakuna kilichobadilika, kuna uwezekano aikoni uliyobofya ni ya kizinduzi tu, na programu halisi ni faili jingine. Fungua "Task Manager" programu ikiwa inakimbia, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia, fungua mahali faili lilipo, na uweke mpangilio hapo. Kwa programu za Java faili hilo huwa ni javaw.exe, na ukilibadilisha hilo unazibadilisha programu zote za Java zinazolitumia. Java 8 kwenye Windows ina tabia hii ya kuchora vitu vidogo. Kuanzia Java 9 mambo yalirekebishwa, na unaweza hata kuilazimisha hivi:

java -Dsun.java2d.uiScale=2 -jar programu.jar

Programu ulizochukua kwenye duka la Windows hazina ukurasa huo wa "Compatibility", na kwa kawaida hazihitaji.

Programu ya mama haikukubali ya tatu. Nilimwekea "System", ikawa kubwa yenye ukungu kidogo, akasema, "Hapo hapo, usiguse tena." Kila kitu kingine kilibaki kikali, na ukungu wa dirisha moja aliuvumilia.

Kuna miongozo ya zamani inayokutaka uongeze funguo kwenye rejista (ghala la mipangilio ya ndani ya Windows) na kuweka faili pembeni ya programu ili kuidanganya Windows. Hiyo ilikuwa mbinu ya kabla ya 2017. Kama kompyuta ni ya ofisi, au programu inashika fedha za watu, usiingie kwenye rejista kwa kunakili, mwite aliyeiweka.

Dalili: skrini mbili hazielewani

Laptopu ya inchi 14 ina doti 157, monita iliyo pembeni ina 92, zote 1920 kwa 1080. Dirisha ukiliburuta kutoka moja kwenda nyingine linavimba au linanywea. Kwenye Windows kila skrini ina ukuzaji wake: bofya picha ya skrini namba 1 kwenye ukurasa wa "Display", weka 150, bofya namba 2, weka 100. Programu ya kisasa itabadilika ikivuka mpaka. Ya zamani itabaki na ukubwa wa skrini iliyozaliwa juu yake, yaani ile kuu. Kwa hiyo ifanye skrini unayoitumia zaidi kuwa ndiyo kuu, kisha utoke na uingie tena.

Mausi ikikwama mpakani au kurukia mahali usipotarajia, panga zile picha mbili kwenye ukurasa huo huo zifanane na zilivyo mezani. Zinapimwa kwa pikseli, si kwa sentimita, ndiyo maana monita ndogo ya 4K inaonekana kama jitu pembeni ya televisheni ya inchi 40 yenye 1920 kwa 1080.

Kwenye Linux jibu linategemea unachotumia. Kuna mifumo miwili ya kuchora madirisha, X11 ya zamani na Wayland mpya. Andika hii kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri:

echo $XDG_SESSION_TYPE

Ikijibu wayland, kila skrini inaweza kuwa na ukuzaji wake. Ikijibu x11, mfumo huo una kipimo kimoja cha doti kwa skrini zote, na njia zote za kuzunguka ni za kuvutana na picha. Ukitoka kwenye akaunti, kwenye ukurasa wa kuingilia tafuta kigurudumu kidogo na uchague Wayland kabla ya kuandika nywila.

Dalili: Linux kwenye asilimia 125 au 150 inakuwa nzito, yenye ukungu, au vyote viwili

Asilimia 100 na 200 hazina matatizo, kwa sababu pikseli moja inabaki moja au inakuwa nne kamili. Shida ni za katikati. Njia ya zamani ya kupata 125 ni kuchora kila kitu kwa 200 kisha kupunguza. Kwa monita ya 4K maana yake ni kuchora picha ya 6144 kwa 3456, pikseli zaidi ya milioni 21, ili kuonyesha milioni 8 na kitu. Kadi ya michoro inabeba mzigo wa mara mbili na nusu, feni inaanza kupiga kelele, chaji inashuka. Mac nazo hutumia ujanja huo huo wa kuchora maradufu na kupunguza, ila kadi zake huwa zimeandaliwa kwa hilo.

Kwa mashine dhaifu ushauri wangu ni mmoja: acha ukuzaji kwenye 100 na ukuze maandishi peke yake.

gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.25

Aikoni zitabaki ndogo, lakini maandishi yatakuwa makali na mashine itapumua. Kurudisha, weka 1.0.

Kama mashine ina nguvu na asilimia za katikati hazionekani kwenye orodha ya GNOME, ziwashe hivi, kisha utoke na uingie:

gsettings set org.gnome.mutter experimental-features "['scale-monitor-framebuffer']"

Amri hii inafuta majaribio mengine uliyokuwa umeyawasha, kama yapo. Ukiharibikiwa, iondoe kwa gsettings reset org.gnome.mutter experimental-features. Ubuntu ina kitufe chake cha jambo hili kwenye ukurasa wa skrini, hutahitaji terminali.

Madirisha mengi yakiwa makali na machache yana ukungu, hayo machache yanapita kwenye daraja linaloitwa XWayland, lililowekwa kwa ajili ya programu za X11. Kuyatambua kuna kichekesho: fungua programu ndogo ya xeyes, yenye macho mawili. Peleka mausi juu ya dirisha unalolishuku. Macho yakiifuata, dirisha hilo liko darajani. Yakikodoa tu, halipo. Vivinjari vya familia ya Chromium na programu za Electron (zilizojengwa juu ya Chromium) mara nyingi hutoka darajani kwa kuongezewa --ozone-platform=wayland mwishoni mwa amri ya kuzianzisha. Kwa KDE Plasma, ukurasa wa skrini una chaguo la programu za X11: zijikuze zenyewe, au mfumo uzikuze. La kwanza linatoa ukali, la pili linatoa ukubwa sahihi kwa programu zisizojiweza.

Na kama programu moja imekuwa kubwa mara mbili ya wenzake, fungua faili za ~/.profile na /etc/environment utafute GDK_SCALE au QT_SCALE_FACTOR, mipangilio inayozilazimisha programu zijikuze. Kuna siku ulifuata mwongozo fulani, ukaziweka, ukasahau. Sasa mfumo unakuza na zenyewe zinakuza juu yake. Zitoe.

Watumiaji wa XFCE, ninyi mna 1 na 2 tu kwa madirisha. Bakini kwenye 1, ingieni "Appearance", kisha "Fonts", pandisheni DPI kutoka 96 hadi 120 au 144. Kishale cha mausi kikibaki kidogo, kina ukurasa wake kwenye mipangilio ya mausi.

Dalili: maandishi madogo wakati wa kuwaka na kwenye ukurasa wa kuingilia tu

Hii inaudhi lakini haina madhara. Ukurasa wa kuingilia hauna habari na mipangilio ya akaunti yako. Kwenye mashine za Linux ambazo ukurasa huo unaletwa na LightDM, ongeza mstari wa xft-dpi=144 ndani ya /etc/lightdm/lightdm-gtk-greeter.conf. Kwa skrini nyeusi ya maandishi matupu kwenye Debian na Ubuntu, tumia sudo dpkg-reconfigure console-setup uchague Terminus ya 16x32. Usiguse faili za kuwashia mashine kwa sababu ya ukubwa wa herufi. Sijaona faida inayolingana na hatari hiyo.

Dalili: televisheni ikitumika kama monita, kingo zimekatwa na herufi nyekundu zinavuja

Kingo zilizokatwa ni kazi ya televisheni, si ya kompyuta: inakuza picha kidogo kwa desturi ya enzi za antena. Kwenye rimoti tafuta ukubwa wa picha, chagua unaoonyesha pikseli kwa pikseli. Kila kampuni ina jina lake. Herufi za rangi zikivuja, badilisha jina la tundu la HDMI liwe PC, kwa sababu televisheni nyingi hubana rangi mpaka ziambiwe kilichochomekwa ni kompyuta. Punguza na ukali wa picha, maana ukizidi huchora kivuli cheupe kuzunguka kila herufi.

Hapa weka bisibisi chini

Ukiona mistari, madoa au mwanga unaocheza, na picha ya skrini kwenye simu ni safi, ingia kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows au Linux, wakati mashine inawaka. Kama mistari ipo hata humo, mipangilio haihusiki tena. Chomeka monita ya nje: ikiwa safi, mgonjwa ni kioo au kebo yake, ikiwa na mistari ile ile, mgonjwa ni sehemu ya michoro kwenye ubao, na hapo si kazi ya nyumbani.

Mwanga unaobadilika ukiinua au kushusha kifuniko unaonyesha kebo iliyochoka kwenye bawaba. Acha kukifungua na kukifunga kwa majaribio. Kila mara unaikata zaidi. Kibodi au kibao cha kugusa kikiwa kimeinuka, au kioo kina doa linalokua kutoka chini, betri inaweza kuwa imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, ipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kama kuna harufu ya kuungua au maji yameingia.

Na fundi akikwambia kioo kibadilishwe, muulize kebo. Vioo vingi vya 1920 kwa 1080 hutumia kebo ya pini 30, na vingi vya 4K hutumia ya pini 40, hivyo kupanda kutoka kimoja kwenda kingine kunaweza kudai kebo mpya na wakati mwingine haiwezekani kabisa kwenye ubao uliopo. Nyuma ya kioo cha zamani kuna karatasi yenye namba yake ya kiwandani. Ipige picha kabla hakijatupwa, na uilinganishe na ya kioo kipya kabla hujatoa pesa.